Nikope Bodi ya Mikopo nisome Hisabati, au baba auze shamba?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 20 kutoka wilaya ya Kahama, mtoto wa kwanza katika familia ya watoto watano. Mwaka huu nimemaliza kidato cha sita katika tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), nimepata daraja la kwanza, na somo nililofaulu kuliko yote ni Hisabati. Nimechaguliwa katika programu tatu kwenye vyuo vya umma: Shahada ya Sayansi katika Hisabati, Shahada ya Sayansi na Elimu kwa masomo ya Hisabati na Fizikia, na Shahada ya Sayansi katika Takwimu Bima. Zote ni za miaka mitatu. Natakiwa kuthibitisha moja tu kabla dirisha halijafungwa, na hapo ndipo nyumbani kwetu maneno yalipozidi.

Baba anasema hatakubali mwanawe aanze maisha akiwa na deni. Yuko tayari kuuza shamba letu la mpunga la ekari tatu, ambalo jirani amelitajia bei ya shilingi 6,000,000. Shamba hilo, mvua zikinyesha inavyotakiwa, hutuachia kama shilingi 1,500,000 kwa mwaka baada ya kutoa gharama za kulima, kupalilia na kuvuna. Mama hataki hata kusikia habari ya kuliuza. Tulipompigia simu mjomba, ambaye anaishi Marekani katika jimbo la Ohio, alisema kwamba amewaona watu wenye umri wa miaka 50 wakiendelea kulipa deni la chuo, tena deni ambalo linakua huku wanalipa. Kwa maoni yake, nikikopa kwa ajili ya udaktari au uhandisi atanielewa, lakini kukopa kwa ajili ya Hisabati, ambayo ameiita shahada isiyo na kazi yenye jina lake, ni kujitafutia matatizo.

Nimejaribu kupiga hesabu mwenyewe. Ada ni kama shilingi 1,300,000 kwa mwaka, na nikijumlisha fedha ya chakula na malazi, vitabu na mafunzo kwa vitendo, naona kwamba nikipata mkopo karibu kamili nitamaliza chuo nikidaiwa shilingi 12,000,000 hivi. Sijawahi kushika hata laki tano kwa wakati mmoja, kwa hiyo tarakimu hiyo inanikosesha usingizi. Binamu yangu ambaye ni mwalimu, na aliyehitimu mwaka 2014, ameniongezea hofu. Anasema alipoanza kazi alikatwa asilimia 8 ya mshahara, kisha ikapanda ghafla hadi 15, na kila alipouliza salio aliambiwa kiasi kikubwa kuliko alichotarajia.

Tangu Mei nimekuwa nikifundisha tuisheni ya Hisabati kwa wanafunzi wa kidato cha pili na cha nne hapa mtaani, na napata kama shilingi 60,000 kwa mwezi. Kufundisha kunanipendeza, ingawa nikisema ukweli kinachonivuta zaidi ni hisabati yenyewe, hasa kuthibitisha jambo mpaka lisibaki na shaka. Naomba unisaidie kupima: je, kipato cha mtu aliyesoma Hisabati kinaweza kubeba deni la namna hii? Katika hizo programu tatu nichague ipi? Na nimwambie nini baba kuhusu shamba?

Binti wa Hesabu, Kahama

Marahaba mwanangu, na hongera kwa daraja la kwanza.

Nianze na mjomba, kwa sababu maneno yake ndiyo yaliyoitia nyumba yenu hofu, na kwa sababu hakusema uongo. Amesema ukweli wa nchi anayoishi. Mkopo wa serikali kuu ya Marekani ambao mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliuchukua kati ya Julai 2024 na Juni 2025 una riba ya asilimia 6.53 kwa mwaka. Kama deni lako la shilingi 12,000,000 lingekuwa na riba hiyo, lingeongezeka kwa takriban shilingi 784,000 katika mwaka wa kwanza peke yake, na ukilipa shilingi 120,000 kila mwezi bila kukosa, ungehitaji miezi 145 kulimaliza, ukiwa umetoa zaidi ya shilingi 17,000,000. Mtu anayelipa chini ya riba ya mwezi, ambayo kwa mfano huo ni kama shilingi 65,000, huona salio linapanda badala ya kushuka, na hao ndio watu wa miaka 50 ambao mjomba wako anawazungumzia.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu haufanyi kazi hivyo, ingawa uliwahi kukaribia kufanana na huo, na hapa ndipo maneno ya binamu yako yanapoingia. Bodi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ikaanza kazi mwaka 2005. Kwa miaka mingi ilitoza asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha, na aliyechelewa kuanza kulipa aliongezewa adhabu ya asilimia 10. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa na makato ya waajiriwa yakapandishwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi, tena yakawagusa hata waliokwisha kusaini mikataba zamani. Kwa hiyo binamu yako ana haki ya kulalamika. Lakini tarehe 1 Mei 2021, katika sherehe za Mei Mosi zilizofanyika Mwanza, Rais Samia alitangaza kuifuta ile tozo ya asilimia 6, na mwaka huohuo adhabu ya asilimia 10 nayo ikaondolewa. Kilichobaki ni deni la msingi pamoja na asilimia 1 ya gharama za uendeshaji, ambayo hutozwa mara moja tu. Asilimia 15 haijaondoka.

Sasa tuchukue kalamu. Deni lako la 12,000,000 ukiongeza asilimia 1 linakuwa shilingi 12,120,000. Tuseme umeajiriwa serikalini kwa mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Nimechagua kiasi hicho kama mfano wa tahadhari kwa mhitimu wa shahada. Kima cha chini cha utumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, kwa hiyo uangalie ngazi za mshahara zinazotumika sasa kabla ya kupanga lolote. Kutoka katika hizo 800,000 mfuko wa pensheni utachukua asilimia 5, yaani shilingi 40,000, na kodi ya mapato juu ya 760,000 zinazobaki itakuwa shilingi 68,000. Bima ya afya itachukua asilimia 3, yaani 24,000. Ukiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi kinachokata asilimia 2, ondoa 16,000 nyingine. Kisha Bodi itachukua 120,000. Jumla ya makato ni shilingi 268,000, na mkononi zitakufikia shilingi 532,000.

Gawanya 12,120,000 kwa 120,000 na utapata miezi 101, yaani miaka minane na miezi mitano. Huo ni muda wa kusubiri, siukatai, lakini ni muda wenye mwisho unaojulikana, na mshahara ukipanda makato nayo hupanda, hivyo muda unapungua. Kwa mshahara wa msingi wa shilingi 1,200,000 ungekatwa 180,000 kwa mwezi na kumaliza kabla ya miaka sita. Aidha, kwa kuwa deni halina riba na bei za vitu hupanda, uzito wa ile 120,000 unapungua kadiri miaka inavyokwenda: mfumuko wa bei ukikaa kwenye asilimia 3 hivi kwa mwaka, kama ulivyokuwa mwaka 2024, basi shilingi 120,000 za miaka minane ijayo zitanunua kitu ambacho leo kinanunuliwa kwa shilingi 95,000 hivi. Mkopeshaji ndiye anayepoteza hapo, wala si wewe.

Nataka uligeuze swali lako kidogo. Umeniuliza kama kipato cha Hisabati kinaweza kubeba shilingi milioni 12. Kwa mkopo wa namna hii, ukubwa wa deni hauamui utaishi vipi mwezi hadi mwezi. Unaamua utakatwa kwa muda gani. Aliyekopa milioni 8 na aliyekopa milioni 14, wakiwa na mshahara mmoja, wanakatwa kiasi kilekile kila mwezi, ila mmoja anamaliza mapema. Kwa hiyo kinachopaswa kukukosesha usingizi si milioni 12 bali mambo mawili mengine. La kwanza ni kama 532,000 zinatosha kuishi na kusaidia nyumbani, na la pili ni muda utakaokaa kati ya kuhitimu na mshahara wa kwanza. Hilo la pili ndilo linalotofautisha programu zako tatu, na nitalikalia zaidi.

Sheria inampa mhitimu miezi 24 baada ya kumaliza masomo kabla ya kutakiwa kuanza kulipa. Akipata ajira kabla ya hapo, mwajiri anapaswa kuijulisha Bodi ndani ya siku 28 na kuanza kumkata. Asipoajiriwa, deni linakaa palepale bila kukua, na huo ni unafuu mkubwa ambao binamu yako hakuupata. Lakini kuna shimo ambalo vijana wengi hawalioni mpaka wameingia. Aliyejiajiri anatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi au kiasi kisichopungua shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwajiriwa hukatwa kwa kadiri ya mshahara, ila aliyejiajiri amewekewa sakafu. Mtu anayepata shilingi 500,000 kwa mwezi kwa tuisheni atatoa asilimia 20, na yule anayepata 200,000 atatoa nusu nzima. Mimi naiona sakafu hiyo ni kali kupita kiasi kwa mhitimu anayehangaika, na sioni mantiki ya kumtoza mwenye kipato kidogo sehemu kubwa kuliko mwenye ajira ya kudumu, lakini ndivyo ilivyo na lazima uihesabu. Aliyehitimu kitu kisichompa ajira mapema ndiye anayeikanyaga sakafu hiyo.

Tuje kwenye programu. Mjomba amesema Hisabati haina kazi yenye jina lake, na kwa nusu yuko sahihi. Fungua tovuti ya ajira ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma usome matangazo ya mwaka mzima uliopita, badala ya lile moja tu lililotumwa kwenye kundi la wasapu. Utaona yanatafuta mwalimu, mtakwimu, mhasibu, mhandisi, afisa wa bima. Mwanahisabati kwa jina hilo hatafutwi isipokuwa vyuoni, ambako nafasi ya mkufunzi msaidizi hudai wastani wa ufaulu usiopungua 3.8 katika 5, na nafasi zenyewe ni chache. Mhitimu wa Hisabati tupu anaweza kuingia katika mabenki, kampuni za simu na taasisi za utafiti, ila anaingia kwa sababu ya kitu alichojiongezea: kuandika programu za kompyuta, kuchambua data, kujua takwimu kwa vitendo. Wanaojiongezea hivyo tangu mwaka wa kwanza hufika mbali na hulipwa vizuri kuliko mwalimu. Wanaosubiri mpaka siku ya mahafali huishia kufundisha shule binafsi bila sifa ya ualimu, kwa mshahara ambao mwenye shule anaupanga anavyopenda. Mlango wa ualimu haufungwi kabisa kwao, kwa kuwa wanaweza kusoma stashahada ya uzamili katika elimu, mathalani katika Chuo Kikuu Huria, lakini huo ni muda mwingine na fedha nyingine.

Takwimu Bima ni fani ninayoiheshimu sana, na kwa mtu mwenye kichwa chako si mzaha. Kampuni za bima na mifuko ya hifadhi ya jamii zinahitaji watu wa kukokotoa hatari na madeni ya miaka mingi ijayo, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaongeza uhitaji huo, maana huwezi kupanga mchango wa mamilioni ya watu kwa kukisia. Tatizo ni kwamba shahada yenyewe ni mwanzo tu. Ili uitwe mtaalamu kamili wa takwimu bima inabidi ufaulu mfululizo wa mitihani ya vyama vya kitaaluma vya Uingereza au Marekani, kila mtihani ukigharimu mamia ya dola, na mkopo wa Bodi haugharimii mitihani hiyo. Wengi hutumia miaka kadhaa wakiwa kazini, mwajiri mwema akiwachangia. Ambaye hana pa kupata dola hizo hubaki na shahada nzuri na cheo cha kawaida katika ofisi ya bima, mara nyingi Dar es Salaam, ambako kodi ya chumba humeza tofauti yote ya mshahara. Kama ungekuwa na ndugu wa kukusimamia katika mitihani ya mwanzo (huyo mjomba wa Ohio, kwa mfano, badala ya kutoa onyo tu), ningekushauri uiweke mbele. Muulize. Akikubali kwa maandishi, usome upya jibu langu.

Inabaki Sayansi na Elimu. Hali ya Hisabati mashuleni unaijua kuliko mimi, maana hao watoto wa tuisheni ndio hali yenyewe: katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023 waliofaulu Hisabati walikuwa karibu robo tu ya watahiniwa. Walimu wa sanaa wamejaa mitaani wakisubiri ajira mwaka wa tano na wa sita, lakini walimu wa Hisabati na Fizikia bado wanatafutwa, na katika ajira za ualimu serikali imekuwa ikiwapa kipaumbele walimu wa sayansi na hisabati. Hilo si sawa na kusema kwamba ajira ni ya uhakika. Siku hizi walimu nao wanaitwa kwenye usaili na wanashindana, kwa hiyo jipe mwaka mmoja hadi miwili ya kungoja katika mipango yako. Lakini katika muda huo wa kungoja shule binafsi zitakupokea ukiwa na sifa kamili, na miongozo ya mikopo nayo imekuwa ikiuhesabu ualimu wa sayansi na hisabati miongoni mwa fani za kipaumbele, jambo linalokuongezea nafasi ya kupangiwa mkopo mkubwa.

Ushauri wangu, kwa hali ya nyumbani kwenu na kwa hicho ulichoniambia kuhusu kufundisha, ni kwamba uthibitishe Sayansi na Elimu. Ungeniambia kwamba kusimama mbele ya darasa kunakuchosha, ningesema vingine kabisa, kwa sababu ualimu wa kulazimishwa ni adhabu kwa mwalimu na kwa mtoto. Wewe umeingia mwenyewe kwenye tuisheni bila kuambiwa na mtu. Na kuhusu hicho kinachokuvuta, yaani hisabati yenyewe, hutaipoteza: ukichagua kozi nyingi za Hisabati kadiri programu inavyoruhusu na kulinda wastani wako, unaweza kuomba shahada ya uzamili ya Hisabati au Takwimu baadaye. Taasisi ya Sayansi za Hisabati ya Afrika, iitwayo AIMS, ambayo ilianzishwa Afrika Kusini mwaka 2003 na ambayo sasa ina vituo katika nchi kadhaa pamoja na Rwanda, hutoa uzamili wa sayansi za hisabati kwa ufadhili kamili kwa wanafunzi wanaochaguliwa kutoka barani kote. Ushindani ni mkubwa, lakini kuomba ni bure, na huko hakuna deni linaloongezwa juu ya deni.

Kabla ya mkopo, ulizia pia ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa ajili ya waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa katika tahasusi za sayansi na wanaojiunga na fani za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Fedha hiyo hairejeshwi. Si kila daraja la kwanza linafika, kwa hiyo angalia kama jina lako limo katika orodha ya wenye sifa, na kama halimo usipoteze siku.

Sasa shamba. Mwambie baba, kwa heshima na kwa tarakimu, maana wazazi wa kaya za wakulima huzielewa tarakimu za shamba kuliko sisi wenye vyeti. Miaka mitatu ya ada pekee ni shilingi 3,900,000. Fedha ya chakula na malazi kwa kiwango cha Bodi cha shilingi 10,000 kwa siku hufika kama shilingi 2,400,000 kwa mwaka, yaani 7,200,000 kwa miaka mitatu. Hapo tumeshavuka milioni 11 kabla ya vitabu. Milioni 6 za jirani zitaishia katikati ya mwaka wa pili, kisha utakopa hivyohivyo kwa kipande kilichobaki, huku wadogo zako wanne wakinunua mchele dukani. Kwa upande mwingine, shamba hilo likiendelea kutoa shilingi 1,500,000 kwa mwaka, basi katika ile miezi 101 utakayokuwa unakatwa litakuwa limeipa familia zaidi ya shilingi 12,600,000, yaani zaidi ya deni lote. Najua mvua zinaweza kugoma mwaka mmoja au miwili. Hata tukiondoa misimu miwili mizima, bado limetoa zaidi ya bei ambayo jirani ameitaja, na ardhi bado ni yenu. Sioni hesabu yoyote ambayo ndani yake kuuza mali inayozaa ili kukwepa mkopo usio na riba kunaleta faida, na nadhani jirani naye ameshapiga hesabu hiyo.

Lililo la maana kuliko kuuza ni baba kutenga sehemu ya mavuno ya msimu huu, tuseme shilingi 400,000, kwa ajili ya wiki za mwanzo chuoni. Bumu, yaani fedha ya kujikimu ambayo Bodi humpa mwanafunzi, huchelewa. Wanafunzi wengi huingia katika madeni ya kwanza ya maisha yao si kwa sababu ya ada bali kwa sababu wamefika chuoni Oktoba na fedha ya chakula ikaingia Novemba.

Nimesema jambo la kwanza la kuhofia ni kama 532,000 zitatosha. Zitatosha ukipangwa wilayani ambako chumba si ghali, na hazitatosha kama nyumbani wanadhani kwamba mtoto wa kwanza akiajiriwa atasomesha wote wanne. Lisemwe hilo sasa, baba na mama wakiwapo, kwamba katika miaka ya mwanzo utaweza kutuma laki moja kwa mwezi pengine, na si zaidi. Usipolisema, utajikuta unalifidia kwa mkopo wa benki. Mwajiriwa mpya hupigiwa simu na mawakala wa benki kabla hata hajazoea jina la mkuu wake wa shule, na wao wanaijua kanuni kwamba mtumishi lazima abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Theluthi ya 800,000 ni 266,667. Wewe utakuwa na 532,000 mkononi, kwa hiyo machoni pao kuna shilingi 265,333 kwa mwezi zinazoweza kukatwa bado. Anayeijaza nafasi hiyo yote mwaka wa kwanza hubaki na theluthi tupu, mtoto akiugua anakimbilia kausha damu, yaani mikopo ya mtaani yenye riba ya kunyonya, na miaka michache baadaye anailaumu Bodi kwa umaskini ambao Bodi haikuuleta. Kwa maoni yangu walimu wengi wanaosema wameharibiwa na mkopo wa chuo wameharibiwa na mkopo wa pili na wa tatu.

Ukishaanza kazi, hasa katika shule binafsi, usiridhike na kuona makato kwenye hati ya mshahara. Wapo waajiri wanaokata na kuchelewesha, au wasiopeleka kabisa. Akaunti yako ya mnufaika katika mfumo wa Bodi huonyesha kila kilichopokelewa. Iangalie kila baada ya miezi mitatu na utunze hati zako za mshahara. Ukipata fedha ya ziada unaruhusiwa kulipa zaidi ya asilimia 15 ili kufupisha muda, lakini kwa deni lisilo na riba mimi sikushauri kufanya haraka. Fedha hiyo ikae akiba kwanza mpaka uwe na mishahara mitatu pembeni.

Siwezi kukuahidi kwamba masharti ya leo yatakuwapo mpaka utakapomaliza kulipa. Kilichotokea 2016 kilitokea kwa watu waliokwisha kusaini, na kilichotokea 2021 kilitokea kwa upande wa pili. Hata hivyo, piga hesabu ya ubaya: tozo ya asilimia 6 ikirudi, mtu mwenye mshahara wa kwanza mapema ataumia kidogo kuliko yule anayekaa miaka bila kipato huku deni linakua, na hiyo ni sababu nyingine ya kuchagua programu yenye ajira ya karibu.

Haya, sasa karatasi. Cheti chako cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kabla ya kuwasilisha maombi, na uhakiki huo huchukua muda, kwa hiyo uanze nao leo. Fomu ya maombi itahitaji saini ya mdhamini, na mdhamini wa kawaida ni mzazi. Baba akisaini anachukua wajibu kuhusu deni lako, kwa hiyo asisaini kwa shingo upande, asome mkataba mwenyewe au asomewe na mtu anayemwamini. Serikali ya kijiji nayo inagonga mhuri, kisha wakili au hakimu anathibitisha. Watu hukosa mkopo kwa sababu ya ukurasa mmoja usio na saini au picha ya mdhamini iliyosahaulika. Kagua ukurasa kwa ukurasa kabla ya kupakia, uhifadhi nakala, na uthibitishe chuo siku hiyohiyo utakapokuwa umekubaliana na baba, kwa sababu dirisha la udahili halingojei la mikopo.